Kila Kompyuta na Wajibu Wake: Somo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi



Vyama vingi vya msingi vimeacha, au viko mbioni kuacha, madaftari makubwa ya mizani na leja za mkono, na kuingia katika mifumo ya kompyuta inayounganisha mizani, ghala, akaunti za wanachama na hesabu za chama. Aghalabu mfumo huletwa na fundi, mashine huwashwa, karani huonyeshwa vitufe vya kubonyeza, na mambo huishia hapo. Lakini katibu asiyejua ni kompyuta ipi ifanyayo kazi gani yu katika hali moja na katibu asiyejua ufunguo wa sefu uko kwa nani. Mambo yakienda vizuri hataona upungufu wake; siku fedha zikikosekana, ataulizwa yeye.

Madhumuni ya somo hili ni matatu. Kwanza, msomaji aweze kutaja kazi kuu zinazogawanywa baina ya kompyuta za mfumo wa chama. Pili, aelewe kwa nini kazi hizo hutenganishwa. Tatu, ajue maswali ya kumwuliza fundi kabla ya kutia sahihi mkataba.

1. DIRISHA, MEZA YA MHASIBU NA KABATI

Tuanze na jambo tunalolijua. Mwanachama afikapo ofisini huhudumiwa dirishani. Karani wa dirishani humsikiliza, huandika anachosema na kumpa stakabadhi. Karani hapangi bei, wala hafungui kabati la leja. Karatasi yake huenda kwa mhasibu, ambaye huangalia kanuni: bei ya malipo ya awali ni ipi, mwanachama huyu anadaiwa pembejeo kiasi gani, je, makato yaliyoidhinishwa na mkutano mkuu yamefanywa? Mhasibu naye hatunzi hesabu kichwani. Huiandika katika leja, na leja hufungiwa kabatini.

Mfumo wa kompyuta umejengwa vivyo hivyo. Dirisha ni kompyuta ya karani, au simu yake, anayoiona kwa macho. Meza ya mhasibu ni seva ya programu, ambamo kanuni za chama hutekelezwa. Kabati ni seva ya hifadhidata, ambamo kumbukumbu zote hukaa kwa mpangilio.

Neno «seva» huwatisha wengi, nalo lina maana ya mtumishi tu. Hapa pana jambo la kushika sana: seva si aina ya mashine, bali ni wajibu. Kompyuta ndogo ya mezani ikipewa kazi ya kupokea maombi ya kompyuta nyingine na kuyajibu, hiyo ni seva. Mashine moja yaweza kubeba wajibu mbili au tatu, kama vile katika chama kidogo mtu mmoja awezavyo kuwa karani na mtunza ghala. Kadhalika, wajibu mmoja waweza kugawanywa kwa mashine kadhaa. Kwa hiyo fundi akisema, «Seva yenu ni ile pale,» usiridhike. Mwulize: «Ni seva ya nini?»

2. MGAWANYO HUU ULITOKA WAPI

Kampuni ya SAP ya Ujerumani ilianzishwa mwaka 1972 na wahandisi watano waliotoka IBM. Mifumo yake ya mwanzo ya usimamizi wa biashara iliendeshwa katika kompyuta moja kubwa. Mezani kwa makarani palikuwa na kioo na vitufe tu, visivyo na akili yake. Mwaka 1992 kampuni hiyo ilitoa mfumo ulioitwa R/3, ambao ulitenga kazi katika ngazi tatu: ngazi ya kuonyesha, ngazi ya kukokotoa na ngazi ya kutunza kumbukumbu. Faida ilikuwa wazi. Makarani wakiongezeka, huongezwa mashine za kukokotoa bila kuligusa kabati. Dirisha likiharibika, leja haipotei.

Mifumo mingi ya leo hufuata njia hiyo, hata ile inayotumiwa na shughuli ndogo. Chukua mfano wa Odoo, mfumo ulioanzishwa nchini Ubelgiji mwaka 2005 na Fabien Pinckaers kwa jina la TinyERP, ukaitwa Odoo tangu mwaka 2014. Programu ya Odoo hukokotoa na kutekeleza kanuni, lakini kumbukumbu hutunzwa na programu nyingine kabisa iitwayo PostgreSQL. Tena, nyaraka zilizopigwa picha na kuambatanishwa, kama vile hati za madai, kwa kawaida hukaa katika folda nje ya hifadhidata. Hivyo basi, anayenakili hifadhidata peke yake ameokoa leja na kuacha viambatisho. Na anayenakili programu peke yake ameokoa meza, akaliacha kabati liungue.

3. TUUFUATE MZIGO MMOJA

Tuseme mwanachama ameleta kahawa ya maganda kilo 62. Bei ya malipo ya awali, kwa mfano wetu tu, ni shilingi 3,000 kwa kilo, naye anadaiwa pembejeo shilingi 40,000.

Kwanza, karani huandika namba ya mwanachama na uzito, kisha hubonyeza kitufe cha kutuma. Kompyuta yake haijakokotoa kitu cha kutegemewa; imebeba ujumbe tu.

Pili, seva ya programu huupokea ujumbe. Huuliza kabati: mwanachama huyu yupo? Karani huyu ana ruhusa ya kupokea mazao? Bei ya leo ni ipi? Kisha hukokotoa: 62 mara 3,000 ni shilingi 186,000, toa 40,000 za pembejeo, mwanachama anastahili shilingi 146,000.

Tatu, seva ya programu huiamuru seva ya hifadhidata iandike mambo manne kwa mkupuo: ghala limeongezeka kilo 62, mwanachama amestahili shilingi 186,000, deni lake la pembejeo limelipwa shilingi 40,000, na chama kinadaiwa na mwanachama shilingi 146,000.

Hapo ndipo ulipo wajibu mkubwa wa hifadhidata. Mambo yale manne yaandikwe yote, au lisiandikwe hata moja. Umeme ukikatika baada ya ghala kuongezwa na kabla ya deni kupunguzwa, seva ya hifadhidata iliyo timamu, itakapowashwa tena, itafuta kazi ile iliyoishia njiani na kurudi pale ilipokuwa kabla mzigo haujaandikwa. Bila kanuni hiyo, kila umeme ukikatika chama kingepata leja isiyolingana, na mkaguzi angetafuta mwizi asiyekuwapo.

Nne, jibu hurudi dirishani na stakabadhi huchapishwa. Stakabadhi itoke baada ya kabati kukubali, kamwe isiwe kabla. Kila mzigo upewe namba yake ya pekee, ili ujumbe uleule ukifika mara mbili mfumo utambue kuwa ni mzigo mmoja. Na karani afundishwe hivi: kioo kikiganda, asibonyeze tena na tena; aangalie kwanza orodha ya mizigo iliyopokelewa.

Katika vituo vya kupokelea mazao visivyo na mtandao wa kutegemewa, simu au mashine ya mizani hutunza maandishi yake yenyewe, kisha huyatuma mtandao urudipo. Katika saa hizo mashine ile ndogo imeshika wajibu wa kabati. Ikipotea au ikitumbukia mtoni kabla ya kutuma, kumbukumbu za siku nzima zimekwenda nayo. Kwa hiyo stakabadhi ya karatasi yenye nakala haijapitwa na wakati katika vituo hivyo, na kila jioni jumla ya stakabadhi ilinganishwe na jumla iliyofika makao makuu.

4. WAJIBU MWINGINE USIOONEKANA

Mbali na zile tatu, ziko kazi nyingine ambazo katibu anapaswa kuzijua walau kwa jina.

(a) Seva ya utambulisho. Hii ndiyo bawabu. Huyajua majina ya watumiaji na maneno yao ya siri, na huamua nani aingie. Kila mtumiaji awe na jina lake. Jina moja likitumiwa na makarani watatu, hakuna atakayejua nani aliandika nini. Mtumishi akiacha kazi, jina lake lifungwe siku hiyohiyo.

(b) Seva ya nakala za akiba. Kazi yake ni kuchukua nakala ya hifadhidata na viambatisho kila siku na kuitunza mahali pengine.

(c) Seva ya majaribio. Toleo jipya la programu lijaribiwe hapa kwanza, kwa nakala ya kumbukumbu, wala lisijaribiwe katika leja halisi katikati ya msimu. Makarani wapya nao wajifunzie hapa.

(d) Saa ya mfumo. Kompyuta zote zifuate saa moja. Mashine mbili zikipishana kwa saa moja, daftari la matukio litaonyesha malipo kabla ya mzigo, na ushahidi wote utatiliwa shaka.

(e) Seva ya mbele. Mfumo ukifikiwa kwa intaneti, iwepo mashine au programu inayopokea wageni kutoka nje na kuwapeleka kwa seva ya programu. Seva ya hifadhidata isifunguliwe kwa dunia nzima. PostgreSQL, kwa kawaida, husikiliza katika mlango namba 5432. Mlango huo ufunguliwe kwa seva ya programu peke yake. Dirisha la ofisi hutazama barabarani, lakini kabati la leja haliwekwi barazani.

5. JE, KOMPYUTA MOJA HAITOSHI?

Chama chenye makarani wawili au watatu chaweza kuweka seva ya programu na seva ya hifadhidata katika mashine moja, na si kosa. Hapana haja ya kuwatoza wanachama gharama ya mashine tano kwa kazi ya moja. Lakini yako mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa, hata chama kiwe kidogo namna gani.

La kwanza, kompyuta ya karani isiwe ndiyo kabati. Mashine inayoingizwa flashi za kila mtu, inayofungua barua za kila aina na kuzimwa jioni kwa swichi ya ukutani, haifai kutunza mali ya wanachama mia nane. Seva ikae chumba kinachofungwa, yenye betri ya dharura ya kuipa nafasi ya kuzima kwa utaratibu umeme ukatikapo.

La pili, nakala ya akiba isikae katika mashine ileile, wala katika nyumba ileile. Mwezi Machi 2021, huko Strasbourg nchini Ufaransa, moto uliteketeza jengo moja la seva la kampuni ya OVHcloud. Wateja ambao nakala zao za akiba zilikuwa mahali palepale walipoteza leja na nakala kwa usiku mmoja. Waliokuwa na nakala katika mji mwingine waliendelea na kazi. Kanuni inayofundishwa sana ni hii: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mbali. Na nakala isiyowahi kujaribiwa kurejeshwa ni matumaini tu. Angalau mara moja kabla ya kila msimu, fundi airejeshe nakala katika seva ya majaribio mbele ya katibu, na jumla za akaunti zilinganishwe.

Siku hizi vyama vingine hukodi seva za mbali, kwa lugha ya mafundi «katika wingu». Wajibu haubadiliki, wingu ni kompyuta za mtu mwingine, katika jengo la mtu mwingine, kama ilivyokuwa Strasbourg.

6. MKASA WA POSTA YA UINGEREZA

Mtu aweza kusema kwamba haya ni mambo ya mafundi. Mkasa ufuatao utaonyesha kwamba ni mambo ya haki.

Posta ya Uingereza ilianza kusambaza mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon katika ofisi zake ndogo mwaka 1999. Mfumo huo ulitengenezwa na kuendeshwa na kampuni ya Fujitsu. Mwanzoni mashine za kila ofisi zilitunza kumbukumbu zake na kuzinakili makao makuu. Kuanzia mwaka 2010 kumbukumbu zilitunzwa katika hifadhidata kuu. Wasimamizi wa ofisi hizo, wengi wao wenye duka dogo kijijini, walitakiwa kufidia upungufu ulioonekana katika hesabu.

Mfumo ulikuwa na kasoro. Katika kijiji cha Dalmellington, Uskoti, mwaka 2015, kioo kiliganda wakati wa kupokea fedha, na kila kitufe kilipobonyezwa fedha zilezile ziliandikwa upya bila mtumiaji kuona. Ulitokea upungufu wa pauni 24,000 ambazo hazikuwahi kuwapo. Si hivyo tu. Kwa miaka mingi Posta ilikana kwamba watu wa makao makuu waliweza kugusa hesabu za ofisi bila msimamizi kujua. Mwaka 2019 Mahakama Kuu, katika kesi ya wadai 555 walioongozwa na Alan Bates, iliamua kwamba waliweza, na kwamba kasoro za mfumo zilikuwa na uwezo wa kuleta upungufu.

Wakati huo zaidi ya watu 900 walikuwa wamekwisha kutiwa hatiani katika miaka ya 1999 hadi 2015. Wengine walifungwa, wengine waliuza nyumba kulipa deni lisilokuwapo. Mahakama zilikuwa zikichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vingine, na mtu wa dirishani hakuwa na njia ya kuthibitisha, kwa kuwa kumbukumbu za kabati zilikuwa mikononi mwa wanaomshtaki. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu 39 kwa mara moja, na mwezi Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu nyingine kwa mamia.

Ndugu Katibu, jiweke mahali pa msimamizi yule. Mzigo wa kilo 62 umesomeka katika kabati kuwa kilo 26. Stakabadhi yako inasema hivi, seva inasema vile. Nani ataaminiwa?

Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani, lakini katika kuupima uzito inataka kuangalia jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa, na kama ukamilifu wake umehifadhiwa. Maana yake ni kwamba mgawanyo mzuri wa wajibu, pamoja na daftari la matukio lisiloweza kufutwa na mtu mmoja, humlinda mwanachama, na humlinda katibu pia. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakifanya chama kuwajibika kwa taarifa za wanachama wake. Kusema «fundi ndiye anayejua» si jibu.

7. MASWALI YA KUMWULIZA FUNDI

Kabla ya kutia sahihi, Bodi ipate majibu ya maandishi kwa maswali haya:

Kila mashine ina wajibu gani, na iko wapi? Majibu yachorwe katika karatasi moja na kubandikwa ofisini.

Nani ana uwezo wa kuingia moja kwa moja katika hifadhidata bila kupitia programu? Watu hao watajwe kwa majina, wawe wachache, na kila waingiapo iandikwe.

Je, maandishi yakisahihishwa, ya zamani hubaki yakionekana? Leja njema haifutwi kwa raba; husahihishwa kwa ingizo jipya lenye jina, tarehe na sababu.

Daftari la matukio linatunzwa wapi? Lifae kuwa mahali ambapo msimamizi wa mfumo hawezi kulifuta peke yake, na mkaguzi wa nje apewe ruhusa ya kulisoma.

Mkataba ukivunjika, je, chama kitapewa kumbukumbu zake zote, katika muundo unaosomeka na mfumo mwingine, na kwa muda gani?

Nakala ya akiba ilijaribiwa kurejeshwa lini mara ya mwisho?

MUHTASARI

Kompyuta ya karani hupokea na kuonyesha. Seva ya programu hutekeleza kanuni zilizopitishwa na wanachama. Seva ya hifadhidata hutunza kumbukumbu, zote au hapana. Seva nyingine hulinda, hunakili na kujaribu. Katika ushirika tumezoea kwamba anayeidhinisha malipo siye anayeyatoa, na anayetunza ghala siye anayelikagua. Mgawanyo wa wajibu baina ya kompyuta ni kanuni hiyohiyo, na hauna nguvu iwapo neno la siri la mashine zote liko kwa mtu mmoja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Chora dirisha, meza na kabati za mfumo wa chama chenu. Ni wajibu upi uliobebwa na mashine moja ambao mngependa kuutenga?

2. Umeme ukikatika siku ya malipo saa nne asubuhi, ni kumbukumbu zipi zitabaki salama na zipi zitakuwa hatarini? Nani atathibitisha?

3. Mwanachama anadai stakabadhi yake haikubaliani na kompyuta. Andikeni hatua ambazo chama kitafuata kabla ya kumtuhumu mwanachama au karani.

4. Ni nani katika chama chenu anayeweza kubadili uzito ulioandikwa jana, na mkutano mkuu utajuaje kwamba amebadili?

Majibu ya swali la nne yasomwe mbele ya wanachama. Chama kisichoweza kulijibu hakijamaliza kazi ya kuingiza kompyuta ofisini, hata kama mashine zote zinawaka.